Mshindi si Mwenye Mbio: Tujifunze Kutafuta Njia Milimani kwa Pikipiki



Leo tunaleta somo la pikipiki. Usikimbilie kufungua ukurasa mwingine ukidhani somo hili ni la vijana wa mjini tu. Pikipiki siku hizi iko kila kijiji. Inabeba kabichi kutoka Lukozi, inabeba chai na viazi, inabeba mwalimu, inabeba mgonjwa. Huko kwetu milimani Usambara kuna njia ambazo gari halifiki, lakini pikipiki inafika.

Basi, duniani yako mashindano ya pikipiki ambayo si ya mbio za barabarani. Washindani hupelekwa porini au milimani. Hawaoneshwi njia. Wanapewa ramani, au kitabu kidogo cha maelezo, kisha wanaambiwa: vituo viko mahali fulani na fulani, vitafuteni, mpite vyote, mrudi salama. Anayeshinda si lazima awe mwenye pikipiki kubwa. Mara nyingi mshindi ni yule ambaye kila dakika anajua yuko wapi.

Jambo hilo ndilo tunalotaka tujifunze leo. Kujua uko wapi ni elimu. Inatokana na kusoma na kuhesabu, mambo mawili ambayo wewe umeshahitimu. Na elimu hii haina faida kwenye mashindano tu. Ukungu ukishuka jioni, nawe umembeba mama mjamzito anayepelekwa hospitali, hakuna atakayekupa kikombe cha ushindi. Lakini ukikosea njia panda hasara yake ni kubwa kuliko kukosa kikombe.

MASHINDANO HAYA YALIANZAJE?

Watu walianza kushindana kutafuta njia kwa miguu. Mwaka 1897, karibu na mji wa Oslo nchini Norway, yalifanyika mashindano ya wazi ya watu kukimbia porini huku wakitafuta vituo kwa ramani na dira. Mchezo huo ukaenea nchi nyingi. Baadaye wenye magari na pikipiki nao wakaufuata.

Kwetu Afrika Mashariki watu wazima wanayakumbuka mashindano ya magari ya Safari. Yalianza mwaka 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika miaka ya 1950 na 1960 magari hayo yalipita pia kwenye milima yetu ya Usambara. Hesabu yake ilikuwa rahisi kueleweka. Kila kituo kilikuwa na saa yake ya kufika. Aliyechelewa alikatwa alama kwa kila dakika. Mwishoni aliyekatwa alama chache kuliko wote ndiye aliyeshinda. Mwaka 1963 mvua na matope vilikuwa vikali hata magari yaliyofika mwisho yakawa 7 tu. Mwaka 1968 ikawa vivyo hivyo: 7 tu. Je, wale waliobaki njiani hawakuwa na mbio? Walikuwa nazo. Mbio hazikuwasaidia.

Mwaka 1965 mshindi alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, Kenya, akiwa na ndugu yake Jaswant. Joginder alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa bingwa. Akashinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976. Angalia hapo: fundi anajua gari lake linachoka lini, kwa hiyo halilazimishi.

Kwa upande wa pikipiki, mashindano yanayojulikana zaidi ni yale ya Dakar. Chanzo chake ni mtu kupotea. Mwaka 1977 Mfaransa mmoja, Thierry Sabine, alikuwa akishindana kwa pikipiki kutoka Abidjan kwenda Nice. Akapotea jangwani Libya, akaokolewa. Alipopona hakuliogopa jangwa. Alianzisha mashindano mapya kutoka Paris hadi Dakar, nchini Senegal. Ya kwanza yaliondoka Paris tarehe 26 Desemba 1978. Tangu mwaka 2020 mashindano hayo hufanyika Saudi Arabia, lakini jina la Dakar limebaki.

Mpanda pikipiki wa Dakar yuko peke yake. Mwenye gari ana mwenzake pembeni wa kumsomea njia. Mwenye pikipiki anaendesha, anasoma na kupiga hesabu, yote kwa wakati mmoja. Tena chombo cha setilaiti anachopewa hakimwoneshi ramani yote kama simu inavyofanya. Inampasa kufuata kitabu cha njia na dira.

Na jirani zetu wa Kenya wana mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989. Hayo ni ya magari ya porini. Gari linatakiwa kupita vituo 13 ndani ya saa 10. Wala hawapimi mbio. Wanapima umbali: aliyepita vituo vyote kwa kilomita chache kuliko wenzake ndiye mshindi. Fedha zilizochangwa zilisaidia kujenga uzio wa umeme kuzunguka msitu wa milima ya Aberdare, karibu kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009. Kumbe mchezo unaweza pia kulinda msitu na mashamba ya wananchi.

Sasa tuingie kwenye somo lenyewe. Chukua kalamu na karatasi.

SOMO LA KWANZA: KIPIMO CHA RAMANI

Ramani nyingi za milima yetu zimechorwa kwa kipimo cha 1:50,000. Usiogope tarakimu. Maana yake ni kwamba sentimita 1 kwenye karatasi ni sentimita 50,000 kwenye ardhi. Sentimita 50,000 ni mita 500. Basi kumbuka hivi:

Sentimita 1 ni nusu kilomita.
Sentimita 2 ni kilomita 1.

Lakini njia za milimani hazinyooki, zinapinda kama nyoka. Rula haiwezi kuzipima. Chukua uzi. Ulaze juu ya njia kwenye ramani, uufuate kila kona polepole. Kisha unyooshe uzi kwenye rula. Tuseme umepata sentimita 9. Gawa kwa 2. Njia hiyo ni kilomita 4.5.

SOMO LA PILI: MISTARI YA MWINUKO

Kwenye ramani ya milima utaona mistari mingi myembamba inayozunguka. Hiyo ndiyo kontua. Kila mstari unapita mahali penye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Ukitembea juu ya mstari mmoja hupandi wala hushuki. Wakulima wa matuta wa Lushoto wanaifahamu kazi hii hata kama hawajaiona kwenye karatasi. Tuta la kuzuia mmomonyoko wa udongo linafuata kontua.

Shika kanuni tatu.

Kwanza, mistari ikikaribiana, mlima ni mkali. Ikiachana, ardhi ni ya mteremko mdogo.

Pili, mistari ikichongoka kuelekea juu ya mlima, hapo ni bonde, na mara nyingi pana mto au kijito. Ikichongoka kuelekea chini, hapo ni mgongo wa mlima.

Tatu, hesabu mistari. Kwenye ramani ambayo kila mstari umezidi mwenzake mita 20, mistari 10 ni mita 200 za kupanda. Kila ramani huandika pembeni mistari yake inazidiana mita ngapi. Soma hapo kwanza.

Hebu tufanye hesabu moja. Vijiji viwili, tuviite A na B, vinatazamana, katikati yao kuna bonde. Ukipima kwa rula ni sentimita 5, yaani kilomita 2.5. Ukipima barabara kwa uzi ni sentimita 9, yaani kilomita 4.5. Kijana mmoja anasema, "Twende moja kwa moja, tutaokoa kilomita 2!" Hesabu mistari kwanza. Njia ya mkato inashuka mistari 12, halafu inapanda mistari 8. Maana yake unashuka mita 240, kisha unapanda mita 160. Na huko kwenye kupanda, mistari yote 8 imebanana ndani ya sentimita 0.8, yaani mita 400 tu za ardhi. Mita 160 kwa mita 400 ni sawa na kupanda mita 40 kwa kila mita 100. Pikipiki yenye mzigo haipandi hapo bila taabu kubwa. Utaisukuma, klachi itaungua, na jua litakuchwea bondeni.

Yule wa barabara ya kilomita 4.5 anakwenda polepole, kilomita 18 kwa saa. Atafika baada ya dakika 15. Umeona? Mshindi amepatikana mezani, kwa penseli, kabla pikipiki haijawashwa.

SOMO LA TATU: DIRA

Sindano ya dira huelekea kaskazini. Weka ramani chini, elekeza juu ya ramani upande wa kaskazini. Sasa mto ulio kulia kwenye ramani uko kulia kwako pia. Hiyo inaitwa kuielekeza ramani. Nusu ya kupotea huanzia kwa mtu kushika ramani kichwa chini.

Lipo jambo moja ambalo wapanda pikipiki wengi hawalijui. Chuma huivuta sindano ya dira. Injini ya pikipiki ni chuma. Ukisoma dira ukiwa umekaa kitini, inaweza kukudanganya. Zima injini, shuka, tembea hatua kadhaa mbali na pikipiki, ndipo usome. Angalia pia usiwe umeshika spana au panga.

Kama huna dira, asubuhi jua linatoka upande wa mashariki na jioni linazama magharibi. Kwetu saa sita mchana halisaidii sana, kwa kuwa linakaa karibu na utosi. Tena ukungu ukifunika hulioni kabisa. Ndiyo maana dira ni bora.

SOMO LA NNE: KITABU CHA NJIA

Katika mashindano mengine hawatoi ramani. Wanatoa kitabu cha njia. Kila mstari una kilomita, mchoro mdogo na neno la onyo. Tuseme kitabu chetu cha mazoezi kinasema hivi:

Kilomita 0.0 – Msikiti uko mkono wa kulia. Anza hapa.
Kilomita 1.4 – Njia panda penye mti mkubwa. Shika kushoto.
Kilomita 2.9 – Daraja la miti. HATARI. Shuka, tembeza pikipiki.
Kilomita 3.6 – Njia tatu. Shika ya katikati.
Kilomita 5.2 – Kisima. Kituo.

Unasomaje? Kabla ya kuondoka kwenye alama moja, isome alama inayofuata na uiseme kwa sauti. Ukiondoka kwenye mti mkubwa sema, "Daraja, kilomita 2.9." Kisha tazama mita ya pikipiki. Kutoka mti hadi daraja ni kilomita moja na nusu. Ukiona daraja baada ya nusu kilomita tu, usifurahi. Hilo ni daraja jingine.

Tuseme sasa mita inaonesha 4.0 na hujaziona njia tatu. Ulitakiwa kuziona kwenye 3.6. Ufanye nini? Usiendelee ukisema, "Labda ziko mbele kidogo." Neno "labda" limewapoteza watu wengi kuliko ukungu. Simama. Geuka. Rudi mpaka mahali pa mwisho ulipokuwa na hakika napo, yaani darajani. Anza upya kutoka hapo. Utapoteza dakika chache. Anayeendelea na "labda" hupoteza saa nzima, na mara nyingine hupoteza zaidi ya saa.

Mita za pikipiki nazo hazifanani. Pima yako. Tafuta barabara yenye mawe ya kilomita, uende kilomita 10. Kama mita yako inasema 10.5, basi inazidisha nusu kilomita kwa kila kumi. Kitabu kikisema 4, kwako itakuwa 4.2. Andika kwenye karatasi uibandike juu ya tangi.

SOMO LA TANO: SAA

Yapo mashindano ambayo kuwahi ni kosa sawa na kuchelewa. Unaambiwa, "Nenda kilomita 12 kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa." Piga hesabu: 12 gawa kwa 30, zidisha kwa 60. Jibu ni dakika 24. Ukifika kwa dakika 18 unakatwa alama, ukifika kwa dakika 30 unakatwa vilevile. Kanuni hii ina hekima. Inamfundisha mtu kutawala mkono wake unaovuta mafuta. Tunajua mkono huo ndio unaoleta misiba mingi barabarani.

SOMO LA SITA: KUPANDA NA KUSHUKA

Chukua mfano wa barabara ya Mombo hadi Lushoto. Ni kama kilomita 33. Mombo iko chini, kando ya tambarare. Lushoto iko kwenye kimo cha kama mita 1,400. Maana yake katika kilomita hizo unapanda karibu mita 1,000, ukipita Soni na korongo lake. Ukiendelea juu, Magamba kuna vilele vinavyozidi mita 2,200. Mtu aliyetoka Tanga mjini asubuhi, kwenye usawa wa bahari na joto la pwani, jioni anajikuta kwenye baridi na ukungu.

Huko juu hewa ni nyepesi. Injini nayo inapumua hewa, kwa hiyo nguvu zake hupungua. Usishangae pikipiki iliyoruka vizuri Muheza ikianza kukohoa Magamba. Si uchawi. Punguza mzigo, tumia gia ndogo.

Unapopanda: chagua gia ndogo kabla ya kuanza mlima, si katikati yake. Inamisha mwili mbele. Vuta mafuta kidogo kidogo, bila kushtua. Ukikwama, shika breki ya mbele, zima injini ikiwa ndani ya gia, teremka upande wa mlima, si upande wa bonde.

Unaposhuka: usizime injini ili kuokoa petroli. Usiteremke na klachi mkononi wala gia huru. Injini ndiyo breki yako ya kwanza. Weka gia ya kwanza au ya pili, na utumie breki zote mbili kwa upole. Breki ikibanwa muda mrefu hupata moto, na ikipata moto haikamati. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mwekundu wa Usambara huteleza kama sabuni. Hapo ushujaa ni kushuka na kutembeza.

Kwenye ukungu: punguza mwendo mpaka uweze kusimama ndani ya umbali unaouona. Ukiona hatua kumi tu, basi uwe na mwendo wa kusimama ndani ya hatua kumi. Tafuta kitu cha kukuongoza, kama ukingo wa msitu, mto au mgongo wa mlima, ukifuate. Tena uwe na alama ya kukuzuia. Kwa mfano jiambie, "Nikiukuta mto nimepita, nitarudi." Usiende mahali pasipokuwa na alama ya kukuzuia. Kule Mtae, ukingoni mwa milima, ardhi inakatika ghafla, na tambarare ya Mkomazi iko chini kabisa. Mwenyeji anaujua ukingo huo. Mgeni aliye kwenye ukungu asipousoma kwenye ramani ataujuaje?

SOMO LA SABA: VIFAA NA SHERIA

Kabla ya safari kagua: upepo wa magurudumu, cheni, breki, taa, kebo ya klachi, mafuta na oili. Beba plagi moja, tyubu moja, pampu, spana, waya, kamba, tochi, maji ya kunywa na bendeji. Ramani itie kwenye mfuko wa plastiki isilowe.

Simu inasaidia, hatukatai. Lakini bondeni mtandao hukatika, betri huisha, na skrini ikilowa haisikii kidole. Kama unatumia ramani ya simu, ipakue kabla hujatoka nyumbani. Kisha beba ile ya karatasi. Karatasi haiishiwi chaji.

Kofia ngumu ni kwa mwendeshaji na kwa abiria, wote wawili. Leseni ni lazima. Kubeba watu wawili nyuma, ile tunayoiita mishikaki, ni kosa la sheria na ni hatari kwenye mteremko.

Tena tuheshimu ardhi. Magamba na Amani ni hifadhi za misitu ya asili. Hairuhusiwi kuingiza pikipiki humo ovyo bila kibali. Shamba la mtu si uwanja wa michezo. Gurudumu moja likipita juu ya matuta mara kumi, mvua ikija hufanya mfereji, na kazi ya mkulima ya miaka mingi huteremka na maji. Katika mashindano mazuri anayekatisha shamba la mtu hufukuzwa. Nasi tufanye hivyo.

TUANZEJE KIJIJINI?

Msingoje mashindano makubwa wala wafadhili. Anzeni kwa miguu. Siku ya kwanza kikundi kichore ramani ya kijiji: njia, shule, zahanati, madaraja, visima, makorongo. Hata asiye na pikipiki ana kazi hapa. Bibi anayechanja kuni anazijua njia ambazo kijana wa bodaboda hajawahi kuzisikia. Muulizeni. Kuuliza si ujinga.

Siku ya pili wekeni vituo vitano. Kila kituo kiwe na karatasi yenye herufi moja. Watu waende kwa miguu wawili wawili, mmoja asome, mwingine aongoze. Wakirudi na herufi tano wasome neno linalotokea.

Siku ya tatu, baada ya kupata ruhusa ya serikali ya kijiji, tumieni pikipiki kwenye njia zilizokubaliwa. Mwendo upangwe mdogo. Alama ziwe hivi: kila kituo kilichopatikana, alama 10. Kila dakika ya kuwahi au kuchelewa, toa alama 1. Asiyevaa kofia, asianze. Aliyekatisha shamba, ametoka. Aliyesimama kumsaidia mwenzake aliyeanguka, arudishiwe dakika zake zote.

Kanuni hiyo ya mwisho msiisahau. Milimani aliye karibu nawe ndiye gari lako la wagonjwa.

Mkimaliza, ile ramani mliyoichora msiitupe. Ibandikeni kwenye ofisi ya kijiji na kwenye kijiwe cha bodaboda. Andikeni juu yake: kutoka hapa hadi zahanati ni kilomita ngapi, dakika ngapi kiangazi, dakika ngapi masika, daraja gani halipitiki mvua ikinyesha. Usiku mtu akija kugonga mlango anasema mkewe ameshikwa na uchungu, mwendeshaji hatakisia. Anajua njia ipi inapitika, anajua atafika saa ngapi, na anaweza kupiga simu mbele waandae kitanda. Hapo ndipo tutaona kama tulijifunza.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwenye ramani ya 1:50,000 uzi umetoa sentimita 13. Njia hiyo ni kilomita ngapi?
2. Ukienda njia hiyo kwa mwendo wa kilomita 26 kwa saa, utatumia dakika ngapi?
3. Kwa nini tusisome dira tukiwa tumekaa juu ya pikipiki?
4. Mita yako inaonesha umepita alama, nawe hujaiona. Utafanya nini? Kwa nini?
5. Katika kijiji chenu ni njia ipi fupi ambayo kwa kweli ni ndefu? Elezeni kwa kontua au kwa maneno yenu.
6. Nani kijijini anazijua njia kuliko wote? Je, mmewahi kumuuliza?

MANENO YA KUKUMBUKA

Kipimo: uhusiano wa umbali kwenye karatasi na umbali kwenye ardhi.
Kontua: mstari unaopita mahali penye kimo kimoja.
Dira: chombo cha kuonesha kaskazini.
Mgongo wa mlima: sehemu ndefu iliyoinuka kati ya mabonde mawili.
Kituo: mahali ambapo mshindani lazima apite na kuandikwa.

Majibu ya hesabu: swali la 1 ni kilomita 6.5, swali la 2 ni dakika 15.